Jibu Lililochelewa Kuvuka Bonde

Sogeeni, na mwenye kutafuna bisi atafune kwa adabu, maana kisa hiki ni cha masikio. Nilikiona chote mwenyewe. Nilikuwa juu ya bati la stoo ya viazi kule Kwemzindo, milima ya Usambara, nimeitwa kuziba tundu, mara nikaambiwa niache kugonga kwa sababu ndani watu wanarekodi. Basi nikajilaza kifudifudi, nyundo kifuani, jicho kwenye tundu, sikio kwenye bati. Shule niliishia darasa la tano, lakini kulala juu ya bati siku nzima bila bati kulia, mwenye digrii na aje tushindane.

Ndani ya stoo walikuwemo watu wanne, na wa tano alikuwa marehemu.

Wa kwanza alikuwa Bibi Mwantumu, mwenye wimbo. Kule kwao wimbo wa harusi una mwenyewe, kama shamba lilivyo na mwenyewe. Hata watu wakijaa uwanja mzima na ngoma zikiwa zimeshaota moto, hakuna anayethubutu kuuanzisha mpaka mwenyewe aanze. Na mwenyewe huwa mtu mmoja. Siku akiona umri umemtupa mkono, humwinamia mrithi wake na kumnong'oneza neno la kwanza sikioni, basi, wimbo umehama.

Siku ya Bibi ilikuwa imefika. Alikuwa na uvimbe kooni, na daktari alimweleza kwa upole kwamba watautoa na atapona, ila sauti hakumwahidi. Gari la kumteremsha hospitali lingekuja alasiri ileile.

Kabla ya gari, Bibi alitaka jambo moja: amjibu mumewe.

Zamani, alipojifungua mtoto wa kwanza, Bibi alikwenda kwa mama yake kulelewa uzazi, kama ilivyo desturi. Mumewe, Mzee Hoza, akabaki nyumbani na redio kaseti. Upweke ulipomzidi akaurekodi wimbo wao, sehemu yake yeye tu. Kila alipofika mahali pa mkewe kuitikia alinyamaza, akangoja, kisha akaendelea. Kanda akampa msafiri ampelekee. Ndani ya zile nafasi za kungoja mnasikika mvua. Mvua inapiga bati, mtu anavuta pumzi, anangoja, halafu anaimba tena kama aliyejibiwa.

Bibi alimjibu mara nyingi, mtoto akiwa kifuani, na majibu yote yalikwenda hewani. Mzee Hoza akafa, kanda ikabaki inauliza. Sasa Bibi alitaka jibu likae pamoja na swali lake, wakati koo bado ni lake. Akaweka mkono juu ya kanda akasema mbele yao wote, "Atakayenifikisha kwa Hoza ndiye nitakayemnong'oneza."

Walioitika walikuwa watatu, kila mmoja na alichojaliwa.

Mjukuu wake, Mwajabu, alijaliwa sikio. Ukiweka kikombe mezani chumba cha pili, anakwambia kina ufa. Jirani akipita njiani, kwa nyayo tu anajua ni nani na kama amegombana na mkewe.

Kijana wa jirani, Mbelwa, alijaliwa mikono. Redio iliyokufa aliifufua, na ile stoo ya viazi aliigeuza studio: mablanketi ukutani, trei za mayai darini, kompyuta juu ya kreti, kipaza sauti kimening'inia kwenye kenchi. Harufu ya viazi ilikataa kuhama, lakini haikurekodiwa.

Mkaza mwana wake, Mama Singano, alijaliwa mguu. Sauti hakupewa kabisa. Akiimba, utadhani mtu anafungua banda la kuku. Lakini kwenye ngoma wapigaji ndio wanaoutazama mguu wake.

Ukungu ulikuwa umeshuka tangu asubuhi. Ulikaa mlangoni kama mgeni anayeona haya kuingia, na kutwa ile hakuna aliyejua jua limefika wapi.

Mbelwa alikuwa ameshaihamisha kanda kwenye kompyuta, na sauti ya Mzee Hoza ikawa mstari wa vilima vidogo kwenye skrini: kilima, uwanda, kilima, uwanda. "Hapa penye uwanda ndipo anapokungoja, Bibi," alisema. "Vyako vitakaa mstari wa chini." Akamvika hedifoni zake nzuri, zile zisizo na waya.

Bibi akafumba macho. Mzee Hoza akaanza kuimba ndani ya kichwa chake, karibu kuliko siku yoyote tangu wamzike. Mstari ukaisha, mvua ikasikika, Bibi akafungua mdomo akamjibu.

Hapo ndipo alipomsikia mwanamke mwingine.

Alikuwa nyuma yake kidogo, kama aliye ng'ambo ya kitu, anaimba maneno yaleyale kwa sauti ileile, ila amechelewa. Bibi akapunguza mwendo amsubiri. Yule naye akapunguza. Bibi akalivuta neno, na yule akalivuta. Wakaenda wakisubiriana hivyo kama watu wanaopishana mlangoni, mpaka Mzee Hoza akaanza mstari wa pili wao wakiwa hawajamaliza wa kwanza.

Bibi akavua hedifoni. "Mbelwa, mume wangu, humu ndani umemweka nani?"

"Ni wewe mwenyewe, Bibi."

"Mimi sina tabia ya kumfuatafuata mtu."

Mbelwa akawachezea wote wasikie. Kweli, Bibi alikuwa anamkanyaga mumewe. Wakarudia, ikawa vilevile, na koo likaanza kumuuma.

"Jitahidi kuwahi, Bibi," Mbelwa akasema kwa heshima zake zote. "Unachelewa. Nadhani ni umri tu."

"Umri huu ninao tangu jana, na jana nilikushinda kupanda kile kilima."

Alisema kwa kucheka, lakini ndani neno lilimchoma. Labda kweli, aliwaza. Labda nimebaki nyuma na watu wananionea haya kuniambia.

Basi Mwajabu akaleta sikio lake. Muda wote alikuwa ameketi juu ya gunia, macho kayafumba, utasema amelala. "Bibi hachelewi," akasema. "Anacheleweshwa."

Akazivaa hedifoni, akamwomba Mama Singano aguse kipaza sauti kwa ukucha. Akautazama ukucha.

"Umegusa," akasema. Kisha, baada ya kope kupepesa: "Sasa ndiyo nasikia. Gusa tena. Umegusa… nasikia. Mnaona? Hizi hazina waya. Sauti inazunguka kwanza ndipo inafika. Bibi anamsikia Babu wa jana, anamjibu leo, halafu anajisikia mwenyewe kesho. Nani asingechanganyikiwa?"

"Hizo ni hedifoni bora," Mbelwa akasema.

"Bora kwa kusikiliza mpira."

Akatafuta kwenye makorokoro ya droo mpaka akapata spika za masikioni za simu iliyokwishakufa, zenye waya mwembamba uliofungwa uzi. Upande mmoja ulikuwa bubu, mmoja ulikuwa hai. "Hii hii inatosha," akasema. "Sikio moja umpe Babu tu. Sauti ya Bibi usimrudishie humo kabisa. Ajisikie kwa sikio lake lingine, hili la kuzaliwa."

Wakafanya hivyo. Bibi akasikiliza: yule mwanamke wa nyuma hayupo. Amebaki Hoza upande wa kushoto, na upande wa kulia yeye mwenyewe, ndani ya stoo, pamoja na viazi. Akaimba. Mwanangu, aliimba kama maji yaliyofunguliwa. Mimi juu ya bati nilisahau hata kuwa nina nyundo.

Lakini kumbukeni, alikuwa ameambiwa anachelewa. Kila Hoza alipomaliza, aliwahi kumjibu asije akabaki nyuma tena. Na alipoimaliza pumzi ya mwisho kitu kikajifunga kooni. Alitaka kusema "maji," ikatoka hewa tupu. Akajaribu tena, ikatoka hewa. Kuanzia hapo Bibi Mwantumu alikuwa na mnong'ono tu, na mnong'ono wenyewe ulikuwa unapungua.

Kilichorekodiwa ndicho hicho. Kurudia hakupo.

Wakasikiliza. Mwajabu akakunja uso kabla ya mtu mwingine yeyote. "Bado kuna kuchelewa. Kidogo, lakini kupo. Mwanzo mpaka mwisho ni kulekule."

Bibi akaketi juu ya gunia. Alikuwa ameitumia sauti yake yote, na bado hajafika.

Basi Mbelwa akaleta mikono yake. Alikuwa ameinama kwa aibu ya zile hedifoni, sasa akainua kichwa. "Kama ni kulekule mwanzo mpaka mwisho, huyo namjua. Ni kompyuta yenyewe. Sauti ikiingia inaipokea, inaigeuza, ndipo inaiweka chini. Imemweka Bibi mbele ya pale alipoimba."

"Basi mrudishe," Mwajabu akasema.

"Kwa kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo ni cha chumvi, dada. Hapa tunapima."

Akaubandika ule upande hai wa spika ya sikio kwenye kipaza sauti, mdomo kwa mdomo. Alikuwa amerekodi mlio wa kijiko kwenye glasi. Akaupiga utoke kwenye spika na kurudi ndani kupitia kipaza sauti. Kwenye skrini vikaonekana vijiko viwili: kilichotumwa na kilichorudi, na kati yao uwazi mwembamba. Mbelwa akauchukua uwazi ule, hakuuongeza wala kuupunguza, akaushika mstari mzima wa Bibi na kuuvuta nyuma kwa kiasi hichohicho, polepole, kama mtu anayevuta mkeka bila kumwamsha aliyelala juu yake.

Mwajabu akasikiliza. Akatikisa kichwa kukubali. "Sasa yupo palepale alipoimba."

Wakamtazama Bibi wakitegemea machozi. Bibi alikuwa mkavu.

Aliyasikia majibu yake yakifika, kila moja mahali pake, safi. Na hakumwona Hoza. Alikuwa anasikia watu wawili wanaosalimiana kaunta. Akamvuta Mwajabu, akanong'ona, na Mwajabu akawatangazia: "Bibi anauliza, huyu mwanamke ana haraka gani? Ameacha maziwa jikoni?"

Basi Mama Singano akaleta mguu wake. Wimbo ulipoanza alikuwa amesimama acheze, kama alivyozoea, akauinua mguu, ukabaki hewani. "Haushuki," akasema.

"Mama Singano, tazama skrini, imenyooka," Mbelwa akasema.

"Mimi sichezi na skrini, mwanangu. Nakwambia mguu hauna pa kukanyaga." Akamgeukia mkwewe. "Mama, wimbo huu mlikuwa mkiuimbia wapi?"

Bibi akaonyesha kwa mkono nje, kwenye ukungu. Mlima huu. Kisha akaonyesha mlima ule.

"Ndiyo. Baba analima mteremko ule, wewe unalima huu, mnaitana. Mimi ni kitoto cha watu, nachota maji mtoni kule chini. Sauti ya baba ilikuwa inapita juu ya kichwa changu ikienda kwako. Inapita, inapita, inafika. Ndipo yako inaanza kurudi. Pale katikati, wakati sauti ipo juu ya mto na haijafika kwa mtu, ndipo nilipojifunza kukanyaga na ndoo kichwani." Akamwelekea Mbelwa. "Sasa wewe umemtoa ucheleweshaji wa mashine, ahsante sana. Na kabla ya hapo ulimwambia awahi, akawahi. Bonde limekwenda wapi?"



"Zile nafasi kwenye kanda," Mama Singano akasema, "kwani ninyi mlidhani kwa nini ni ndefu vile? Baba alikuwa peke yake chumbani, lakini alikuwa anamwachia mkewe bonde avuke."

Akavua kandambili, akasimama kwenye udongo akiipa skrini mgongo. Mbelwa akapiga mstari wa kwanza wa Mzee Hoza. Sauti ikaisha, mvua ikasikika, mguu wa Mama Singano ukakaa hewani, ukakaa, kisha ukashuka, na pale uliposhuka Mbelwa akaliweka jibu la Bibi.

"Mcheleweshe kidogo. Umemvusha mto bila kulowa."

Mbelwa akamchelewesha kidogo.

"Hapo. Twende la pili. Hapa upepo ulikuwa unatoka kwake, litachelewa zaidi."

"Unajuaje upepo wa siku zile?"

"Muulize mguu."

Jibu moja baada ya jingine waliyahamisha, mengine mbali, mengine karibu, hakuna mawili yaliyokaa sawa. Kwenye skrini ikawa ovyo kabisa, vilima vya chini vinapishana na vya juu kama ng'ombe waliokosa mchungaji. Kisha wakaupiga wimbo wote.

Bibi aliuona mteremko wa ng'ambo. Aliuona ukungu ukipasuka, na mtu mwembamba mwenye jembe akisimama kupumzisha kiuno, kuimba, kuinamisha kichwa ili asikilize. Aliiona sauti yake mwenyewe ikitoka, bichi, haijui chochote kuhusu koo wala hospitali, ikishuka mashambani, ikipita juu ya mto na juu ya kitoto chenye ndoo, ikipanda upande wa pili bila haraka. Mtu wa jembe alingoja. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Ikamfikia. Akainua kichwa akaendelea kuimba, na safari hii alikuwa amejibiwa kweli, na mvua ikazinyeshea sauti zote mbili.

Sasa Bibi alilia. Alilia bila sauti, kwa kuwa sauti ilikuwa imeshabaki kule ndani na mumewe, na hakuonekana kuitaka irudi.

Wale watatu nao, ninyi mnawajua watu. Machozi ya Bibi hayajakauka, wameshaanza.

"Bila mimi," Mwajabu akasema, "mpaka saa hizi Bibi angekuwa anamfukuza yule mwanamke wa nyuma, na sauti ingeishia humo."

"Bila mimi ungekuwa unasema 'kidogo, kidogo' mpaka viazi viote," Mbelwa akajibu.

"Na bila mimi mngempeleka mama hospitali na wimbo wa kaunta," Mama Singano akasema, akizitafuta kandambili zake.

"Haya, Mama Singano," Mbelwa akasema, "nikuulize kwa heshima. Wimbo utauanzisha kwa sauti ipi? Bibi harusi si atarudi kwao?"

"Nitaweka mtu awe mdomo, mimi nibaki mwenyewe. Kwani mwenye ng'ombe lazima atoe maziwa yeye? Wewe ukiupata, kesho upo kwenye simu za dunia nzima. Nani tena atamngoja mwenyewe aanze?"

"Angalau hautakufa. Akiupata Mwajabu, anaolewa Singida mwezi ujao. Wimbo unapanda basi."

"Singida hawaoi?" Mwajabu akasema.

"Singida ni tambarare, mama," Mama Singano akasema taratibu. "Bonde utalipata wapi?"

 Lakini nitawaambia na hili: kati ya wote watatu, ni Mwajabu peke yake aliyekuwa na sauti ya Bibi ya ujana. Hata Mama Singano alilijua hilo, ndiyo maana alitazama pembeni.

Gari likapiga honi kwenye ukungu. Bibi akasimama. Alijaribu mnong'ono wake kwenye kiganja, kama mtu anayepima mafuta ya taa, akahisi umebaki wa neno moja, kwenye sikio moja. Akaiokota ile spika yenye waya uliofungwa uzi. Upande bubu akauachia uning'inie. Upande hai akaushika kwa vidole viwili, amvike mrithi wake kwanza amsikie Hoza akiita, halafu amnong'oneze neno upande wa pili. Wale watatu wakainamisha vichwa kwa pamoja, na mkono wa Bibi ukawa kati yao, unakwenda huku, unakwenda kule.

Honi ikalia tena.

Mimi hapo ndipo ukungu uliponizibia tundu. Kwa hiyo nawaachia ninyi mkono ule. Kuna sikio lililogundua, kuna mikono iliyopima, kuna mguu uliokumbuka. Ukimtoa mmoja wao, Bibi hafiki kwa mumewe. Wimbo ni mmoja na pumzi ni moja. Wewe uliyekaa hapo karibu na mlango, na wewe mtoto usiyetaka kulala, semeni: mngekuwa ninyi ndio Bibi Mwantumu, ile spika mngeitia kwenye sikio la nani?

Bishaneni tu, mimi nasikiliza. Na kabla hamjanishika uongo mahali pengine, nitakiri kimoja. Kwenye ile kanda mvua haimo. Nafasi zile ni kimya kitupu, kimya cha kanda kuukuu. Mimi niliona vibaya mzee wa watu kungoja miaka yote ile kwenye ukimya, nikamnyeshea kidogo.